Meru ukiwa na theluji: kupanda sio shida, shida kushuka

Watu wa Arusha tunauona Meru kila siku tukiwa stendi tunasubiri daladala, ila uliza nani kashaupanda uone watu wanavyobadilisha mada. Mwenye hela ya mlima anaenda Kili, na wageni wengi wakija Meru ni kuzoesha mwili tu kabla ya kwenda hukohuko Kili. Mi naona poa tu, njia inabaki tupu. Tulipoenda masika imekolea tulikutana na kundi moja, tena wao wanashuka, wamelowa chapachapa, jamaa mmoja akatuambia "huko juu kweupe wanangu, jipangeni".

Sasa Meru ni mita 4,566, wa pili Tanzania, na theluji yake sio ya kudumu, ikidondoka usiku mara nyingi jua linaiondoa. Ila masika mawingu yakiganda kule juu hujui utakuta nini.

Kuanzia geti la Momella unatembea na askari mwenye bunduki sababu ya nyati, hilo sio ombi ni sheria. Siku ya kwanza unalala kibanda cha Miriakamba, ya pili Saddle Hut mita 3,570, hapo katikati ni msitu, mvua, mbega na ngazi ngazi ngazi, sina la ziada. Jioni pale Saddle askari wetu, mtu mzima hivi, tukimwamkia shikamoo anaitikia huku macho yako mlimani, akasema "Vijana, saa saba kamili usiku tunaondoka. Jua likishaipiga hiyo theluji sitaki mtu awe bado anapanda."

Nikadhani anatutisha, kumbe hesabu zake ziko hivi. Meru ni volkano, mara ya mwisho kutoa moto ni 1910, na huko juu unakanyaga jivu na changarawe, kiangazi unapiga hatua moja unarudi nusu hadi unatamani kulia. Usiku wa baridi lile jivu linaganda na theluji inashikana juu yake, buti linang'ata halirudi nyuma, yaani tulipanda vizuri kuliko nilivyosimuliwa na waliopanda kiangazi. Upepo ndo ulitunyoosha. Mrija wa maji wa mwenzetu uliganda mapema tu, mi chupa nilikuwa nimeiweka kichwa chini kwenye begi (barafu inaanzia juu, kwa hiyo mdomo unabaki na maji), na glavu jozi mbili, na vile vitambaa vya kufunga juu ya buti theluji isiingie. Hivyo vyote unakodi mjini, ila jaribu zipu kabla hujatoa hela.

Kulipokucha tukaiona Kili ng'ambo imetoka juu ya mawingu, na chini yetu kreta na kile kilima cha jivu kimepakwa weupe. Kileleni, Socialist Peak, jina la kijamaa kabisa, tukapiga picha, vidole vinauma, tukageuka.

Hapo sasa. Saa tatu asubuhi theluji imeshakuwa uji, na ukikaribia Rhino Point, kituo kilicho kati ya Saddle Hut na kilele, kuna miamba imelala kimteremko, imewekewa minyororo ya kushikilia, siku ya kawaida unapita unapiga stori. Siku hiyo chini ya ule uji kuna barafu nyembamba haionekani, na upande wa kreta hakuna kitu cha kukuzuia. Askari akapitisha mmoja mmoja, uso kwenye mwamba, unashuka kinyumenyume, fimbo zimefungwa kwenye begi maana pale zinakusumbua tu. Dada mmoja aligoma kabisa katikati, mzee akarudi akasimama chini yake, "usiangalie shimo mama, angalia kiatu changu", wakashuka hivyo hivyo kiatu kwa kiatu, sisi tumekaa kimya hakuna hata wa kutania.

Kwa hiyo mkienda msimu huo na askari akasema mwisho Rhino, msibishane naye kisa mmelipia. Kuna Little Meru, mita 3,820, unaipanda jioni kutokea Saddle Hut bila presha na Kili unaiona vilevile mawingu yakikubali. Na kwa sisi raia kiingilio ni kidogo sana ukilinganisha na cha wageni, kwa hiyo kurudi tena Julai kukiwa kukavu sio msiba.