Ripoti ya mazingira: anza na tarehe na maji

Ripoti ya tathmini ya athari za mazingira, tuseme ya hoteli au gati kando ya hori ya Tudor au Mtwapa, huwa nene, na sehemu kubwa ni maneno ya kunakiliwa: hali ya hewa ya Mombasa, orodha ya sheria, wasifu wa washauri. Zipite hizo. Fungua sura ya viumbe utafute kitu kimoja: waliwahesabu tarehe gani, saa ngapi, maji yakiwa wapi? Isipoandikwa, hoja ya kwanza ya maoni yako kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira inayotoa leseni, umeshaipata.

Ndege wahamao wanaokula matopeni, sululu wakiwemo, huanza kufika Agosti, na wengi huwa wameondoka ifikapo Mei. Aliyehesabu Juni, kusi ikivuma, atakuta wachache tu, kisha ataandika kwamba eneo "halina umuhimu mkubwa kwa ndege". Atakuwa amesema kweli, kuhusu Juni. Na maji ni vivyo hivyo. Siku za maji mafu, bahari isipojaa wala kukupwa sana, tope linalofichuka ni kidogo, ndege hutawanyika. Bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hapa Mombasa hukupwa karibu saa nne au saa tano asubuhi; hapo ndipo pa kuhesabu wanaokula, halafu urudi maji yakijaa uwahesabu wanapojikusanya kupumzika. Linganisha tarehe za ripoti na jedwali la maji la Halmashauri ya Bandari. Ni kazi ndogo, na wakati mwingine huangusha sura nzima.

Kuhusu mikoko, usikubali neno "mikoko" peke yake. Mlilana hukaa mbele baharini, nyuma yake mkoko wenyewe, wenye mizizi iliyojipinda kama matao, kisha mshinzi na mkandaa, na mchu mara nyingi upande wa nchi kavu. Ripoti iseme ni eneo gani la kila aina litakalokatwa au kufukiwa. Pia iseme tope la kuchimba litakwenda wapi, kwa sababu mti usioguswa na shoka hufa pia. Mchu hupumua kwa vijiti vinavyochomoza matopeni, virefu kama penseli. Tope likivifunika, mizizi hukosa hewa. Mwache, ndani ya hori ya Port Reitz hapa Mombasa, mikoko ilikufa kwa tope lililoletwa na mvua za El Niño za 1997 na 1998. Basi uliza: kuna pazia la kuzuia tope? Nani atapima uchafu wa maji, mara ngapi, na kazi itasimama kipimo kikifika wapi? Bila kipimo cha kusimamisha kazi, maneno "tutafuatilia" ni mapambo.

Ahadi inayopendwa zaidi ni kupanda upya. Mkoko hupandwa kirahisi, unachomeka mche tu, kwa hiyo huchomekwa kila mahali, hata pa mlilana au kwenye tope tupu. Mche ukizamishwa na maji muda mrefu mno hufa. Ukishika, pengine umefunika tope ambalo ndege walikuwa wakitafutia chakula. Dai ramani ya mahali pa kupanda, aina, na nani atalipia upandaji wa mara ya pili.

Jengo likiangalia ufuo wenye viota vya kasa, nenda moja kwa moja kwenye taa. Mayai huchukua takriban miezi miwili kuanguliwa, na vitoto hufuata mwanga. Taa ziwe chini, zikingwe zisionekane kutoka mchangani, rangi ya kahawia-manjano badala ya nyeupe. Ripoti nyingi huishia "taa rafiki kwa mazingira", jambo lisilokaguliwa na mtu.

Maoni yako kwa NEMA yaandike hivi: ukurasa, ripoti inadai nini, nini kinakosekana, sharti gani liwekwe kwenye leseni. "Tunapinga mradi" bila ukurasa hujibiwa kwa sentensi moja. Andika pia kama mikutano ya wananchi ilifanyika kweli: Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha Lamu, ushirikishwaji hafifu wa wananchi ukiwa miongoni mwa sababu kuu. Peleka barua kabla ya siku iliyo kwenye tangazo, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Leseni ikitolewa, una siku 60 za kukata rufaa kwenye Jopo, na nakala hiyo utaihitaji.