Vasa: meli ya vita iliyopinduliwa na upepo wa kukaushia nguo

Jumapili tarehe 10 Agosti 1628, watu wa Stockholm walijaa ufukweni kuitazama meli mpya ya Mfalme Gustav II Adolf wa Uswidi ikitoka kwenda kuwatisha maadui. Kati ya matanga 10 yalitwekwa 4 tu. Mizinga ikalia kuaga. Ukaja mvumo wa upepo, chombo kikalala ubavu, kikajikongoja kikainuka. Ukaja wa pili, kikalala tena, na mara hii maji yakaingilia kwenye madirisha ya mizinga ya chini, ambayo yalikuwa wazi. Vasa ikaenda zake chini, mita 32. Safari nzima: kama mita 1,300. Mtu kwa miguu angefika mbali zaidi, tena mkavu.

Walikufa watu wapatao 30, na hapo hakuna cha kucheka. Vichekesho viko kabla na baada.

Tuanze na ufundi. Chombo kikilala, uzito wake na msukumo wa maji hushindana. Uzito ukikaa chini, karibu na mkuku (uti wa chini wa chombo), maji hushinda na chombo hurudi wima. Ukipanda juu, kinarudi kwa kusitasita, au hakirudi. Ndiyo maana hata jahazi tupu halitoki bila farumi, yaani uzito unaowekwa chini tumboni ili chombo kisipinduke. Vasa ilikuwa nayo: tani zipatazo 120 za mawe. Basi si wangeongeza? Hapo ndipo mtego ulipo. Kila jiwe linaizamisha meli zaidi, na madirisha ya mizinga ya chini yanazidi kuyakaribia maji. Farumi kidogo, inapinduka; farumi nyingi, inajaa.

Wengi husimulia kwamba mizinga ndiyo iliyoiangusha, kwa vile ilikuwa 64 na imepangwa kwenye sitaha mbili. Mizinga inaonewa. Yote kwa pamoja ilikuwa sehemu ndogo tu ya uzito wa meli ya tani 1,200 hivi. Kosa lilikuwa kwenye mbao zenyewe: sehemu iliyo juu ya maji ilijengwa nene na nzito kupita kiasi, juu ya tumbo lenye upana usiofika mita 12, kisha ikasimikwa mlingoti wa zaidi ya mita 50.

Na walijua! Meli ikiwa bado imefungwa gatini, nahodha Söfring Hansson alimwonyesha Makamu Admirali Klas Fleming jaribio. Wanaume 30 walijipanga sitahani, wakakimbia kwa pamoja kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, kisha wakarudi. Jaribio zuri kabisa: kadiri meli inavyozidi kuyumba kwa kila mbio, ndivyo unavyojua haiwezi kujirudisha. Baada ya mbio tatu Fleming akasimamisha zoezi, kwa kuhofia meli ingepinduka hapo hapo gatini. Serang'i mkuu (msimamizi wa mabaharia), Jöran Matsson, alieleza baadaye kwamba admirali alimlaumu kwa kupakia farumi nyingi mno, na alipoonyesha wasiwasi wake akaambiwa fundi si mgeni wa kujenga meli, asihangaike. Mfalme alikuwa mbali vitani na alikuwa akiihimiza meli itoke. Ikatoka.

Uchunguzi ulipofanyika, kila mtu alikuwa safi kama theluji ya kwao. Nahodha aliapa: wamkatekate vipande elfu kama mizinga haikufungwa sawasawa, na hakuna aliyekuwa amelewa. Matsson akasema aliteremka ngamani, chini kabisa tumboni mwa meli, na taa, akaona farumi imejaa. Fundi Hein Jakobsson akasema alifuata maelekezo ya mtangulizi wake, Henrik Hybertsson, tena kwa vipimo alivyoviridhia mfalme. Hybertsson alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, kwa hiyo hakupinga. Mfalme hahojiwi. Basi kosa la nani? Jibu lililoingia kwenye kumbukumbu ni kwamba Mungu ndiye ajuaye. Hakuna aliyeadhibiwa.

Ushahidi mwingine ulichelewa karne tatu. Ndani ya mabaki zilikutwa rula nne za mafundi: mbili za futi ya Uswidi, yenye inchi 12, na mbili za futi ya Amsterdam, yenye inchi 11. Mafundi wa huku na wa kule, kila mmoja na futi yake, chombo kimoja! Pande mbili za meli hazikulingana, na wa kushoto ulizidi uzito. Hilo peke yake lisingeizamisha, ila ilipoamua kulala, ililalia huko huko kushoto.

Mizinga yenyewe haikuachwa. Miaka ya 1660 wazamiaji waliingia kwenye kengele ya kuzamia, chombo chenye umbo la kengele kinachobana hewa ndani, wakaopoa zaidi ya 50 gizani, kwenye maji ya baridi kali. Meli ikabaki. Mafundi wetu wa majahazi hupaka deheni ili wadudu wa baharini wasitoboe mbao. Baltiki ina chumvi kidogo, na wadudu hao hawaipendi. Kwa hiyo Anders Franzén, mtafutaji wa meli zilizozama, alipoigundua mwaka 1956, mbao zake za mwaloni zilikuwa bado ngumu. Wazamiaji wakachimba mahandaki sita chini ya tumbo lake, wakapitisha nyaya, na tarehe 24 Aprili 1961 ikaibuka. Kisha ikanyunyiziwa polietilini glaikoli, kemikali inayochukua nafasi ya maji ndani ya mbao, kwa miaka 17, kwa sababu mbao zilizolowa namna hiyo zikiachwa zikauke zenyewe hunywea na kupasuka.

Kwenye sitaha, wakati wa kuopoa, kilikutwa kisanamu cha Paavo Nurmi, mkimbiaji wa Ufini mwenye medali tisa za dhahabu za Olimpiki, aliyezaliwa mwaka 1897. Wanafunzi wa Helsinki walikuwa wamekidumbukiza kwa siri. Kwa hesabu hiyo, ni mwanariadha wa 31 kupanda sitaha ile, na wa kwanza ambaye meli haikuyumba.