Fangasi za miguu nilivyozishinda hapa Mwaloni

Kwa mtu anayeuza samaki katika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, miguu mikavu ni anasa. Tangu alfajiri, boti zinapoingia na dagaa na sangara kutoka visiwani, nimo ndani ya gambuti, na maji ya barafu iliyoyeyuka yakishaingia kwa juu hayatoki tena. Fangasi zilinianzia pale zinapowaanzia wengi, kati ya kidole cha mwisho cha mguu na jirani yake, ambapo vidole vimebanana na hewa haipiti: ngozi ikawa nyeupe na laini kama mhogo uliovundikwa, ikachanika, ikawasha usiku kucha.

Ushauri haukukosekana. Ulioniudhi zaidi ni ule wa kwamba fangasi ni uchafu, hivyo nioshe miguu mara nyingi. Nikaosha kwa sabuni ya mche kila nilipopata nafasi, na vidole vikazidi kulainika, kwa kuwa fangasi hustawi penye unyevunyevu. Mchukuzi mmoja, kwa nia njema kabisa, alinishauri nipake maji ya betri. "Yanachoma kidogo tu, dada," alisema. Maji yale ni tindikali. Nilimshukuru nikaenda zangu.

Lakini kilichonichezea hasa ni tyubu niliyouziwa katika duka moja la dawa. "Mama, hii ndiyo kiboko yao," muuzaji alinihakikishia, bila hata kuutazama mguu. Na kweli, usiku wa kwanza tu muwasho ulikoma, wekundu ukafifia, nami nikaisifia krimu ile soko zima kana kwamba nimeitengeneza mwenyewe. Baadaye ukatokea mduara juu ya wayo, kingo zake nyekundu zenye magamba, katikati pamepoa, na kila nilipoacha kupaka, muwasho ulirudi na hasira mpya. Afisa tabibu aliisoma tyubu akacheka kwa huzuni: ndani yake mlikuwa na betamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, ambayo hutuliza uvimbe na kupunguza ulinzi wa ngozi, kwa hiyo fangasi zilikuwa zikitambaa kimyakimya huku mimi nikisherehekea. Walinikwangua magamba kidogo, wakayaweka kwenye kioo na tone la potasiamu haidroksaidi, wakaziona nyuzi za fangasi kwa hadubini.

Dawa iliyoniponya ni ya bei ndogo, haifiki hata ya sato mmoja wa wastani: klotrimazoli ya asilimia 1, asubuhi na jioni, ikipita kidogo mpaka kwenye ngozi yenye afya inayozunguka kidonda, na kuendelea kwa wiki 2 baada ya dalili zote kutoweka. Hapo ndipo wenzangu wengi hushindwa, maana muwasho ukiisha tyubu hutupwa juu ya kabati.

Ujanja wangu mwenyewe, ambao ninajivunia, ni wa viatu. Nilinunua gambuti za pili, za mtumba, nikawa navaa hizi leo na zile kesho. Zinazopumzika nazijaza magazeti yafyonze maji, kisha nazilaza juu ya jabali nyuma ya nyumba, midomo ikielekea jua. Mwanza tumejaliwa majabali, na likishika joto la mchana hukausha mpira hadi kwenye ncha ya kidole, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Vidole navifuta kimoja kimoja kwa kipande cha kanga kuukuu ambacho hakigusi sehemu nyingine ya mwili, na soksi za pamba navaa kabla ya chupi, ili chupi isizoe fangasi miguuni na kuzipandisha kwenye kinena. Mume wangu alicheka sana utaratibu huo, hadi vidole vyake vya miguu vikaanza kuwasha.

Umebaki ukucha wa kidole gumba, mnene na wa manjano, ambao krimu haipenyi. Huo unataka vidonge vya terbinafini kwa miezi kadhaa, na ini lipimwe kwanza. Nangoja msimu wa dagaa uchangamke ndipo nikafanye kipimo hicho.