Tulivyofufua maonyesho ya vijijini kwa kufuata minada

Watu wakisikia nina kikundi cha maigizo kinachozunguka vijijini, huuliza kwanza: nani anawafadhili? Nikijibu kwamba kwa sehemu kubwa ni mnada, wanadhani natania.

Tunafanya kazi Dodoma, zaidi upande wa Chemba na Kondoa. Kule kila mnada una siku yake, na wachuuzi wanahama nao: leo kijiji hiki, kesho kutwa kingine, mpaka wanarudi walikoanzia. Wanaijua barabara isiyopitika masika. Wanamjua mtendaji anayetaka barua mapema na yule anayetaka tu kusalimiwa. Gari lao linakwenda huko kwa vyovyote vile. Ukikodi la kwako na kuita watu uwanjani kwa spika, fedha zinaishia kwenye mafuta, na wanaokuja ni watoto. Wazazi wako shambani.

Nilipoanza kulifikiria jambo hili nilisoma yaliyofanywa na waliotutangulia. Kati ya 1935 na 1937 palikuwa na mradi wa sinema wenye makao yake Vugiri, milima ya Usambara. Lori lilizungusha projekta Tanganyika na nchi za jirani likionyesha filamu za kilimo na afya. Baada ya uhuru yakaja magari ya sinema ya serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda Malya wilayani Kwimba, wakakaa na watu na kusikiliza shida zao, ndipo igizo likatungwa pamoja na wenyeji. Mimi utunzi nimeuchukua Malya, na usafiri nimeuchukua kwenye lori. Nilichokataa ni ile desturi ya gari la sinema kuja usiku mmoja na kutoweka. Mnada unarudi, nasi tunarudi nao.

Vibali visikutishe. Sajili kikundi Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), peleka barua kwa afisa utamaduni wa wilaya, kisha shuka kwa mtendaji wa kata na wa kijiji. Anza mapema tu.

Somo hatukulitafuta mbali. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, kati ya wagonjwa 68 waliotambuliwa. Ni sumu ya kuvu inayoota kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri. Inaharibu ini, na kupika hakuiondoi. Vijijini bado unasikia kwamba hindi lenye ukungu lisilofaa kwa ugali litafaa kwa kuku, au kwa pombe. Hapo ndipo igizo letu linapoanzia: mama mkwe anataka mahindi yakae juani siku kadhaa zaidi, mkwewe amekwisha kupatana na mnunuzi.

Kinachoshika watu ni chupa. Unachukua chupa kavu ya kioo, unatia mahindi mpaka kama robo, unaongeza chumvi iliyoanikwa ikakauka, unatikisa, unaacha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi hayajakauka vya kutosha. Isipoganda, unyevu wake umeshuka. Haipimi sumu yenyewe, na hilo tunalisema waziwazi jukwaani, ila inakuonyesha kama unaweka ghalani kitu kitakachoota kuvu. Sasa, robo saa jukwaani ni ndefu mno. Tukaamua igizo lote liingie humo. Chupa inatikiswa, inawekwa mbele ya watu, na ugomvi wa mkwe na mama mkwe unaendelea mpaka muda utimie. Hakuna anayeondoka kabla ya kuona chumvi imefanya nini. Nimeona wanaume wakibishana mahindi ni ya nani na chupa itasema nini kwa ushabiki wa Simba na Yanga.

Mahindi ya chupa tulikuwa tunaomba kwa wauzaji wa palepale, ikawa taabu. Nani anataka mzigo wake upimwe mbele ya wateja? Mwenyekiti mmoja wa kijiji ndiye aliyeshauri watu walete konzi moja kutoka nyumbani, bila kutaja jina. Tangu hapo wanaleta wengi kuliko tunavyoweza kupima.

Saa ni jambo la kuchunga. Asubuhi watu wako kwenye ng'ombe na mbuzi, hawakusikii. Jioni vilabu vimeshajaa. Sisi tunapanda saa tisa alasiri, biashara ikiwa imelegea na fedha ziko mfukoni. Jukwaa ni Fuso iliyofunguliwa bodi. Kushindana na spika za mitumba hatuwezi, kwa hiyo hatujaribu. Tunawatanguliza akina mama wa kijiji hicho na ngoma zao. Panapokuwa na Wagogo ni muheme, na muheme ukilia, hata muuza mitumba mwenyewe anazima spika aje kutazama. Igizo ni la Kiswahili, lakini nafasi ya mchekeshaji tunampa mtu wa palepale, aseme Kirangi au Kigogo apendavyo. Yeye huyaleta mambo ya kijiji ambayo sisi wageni tungeogopa kuyagusa.

Na fedha? Muuza maturubai anatubeba bure na kuchangia posho, kwa sababu baada ya onyesho turubai za kuanikia zinatoka. Sharti letu ni moja, jina lake lisisikike kwenye igizo. Alinung'unika kidogo: "Sasa mimi nafaidika nini, kaka?" Alipohesabu mauzo ya jioni hakuuliza tena. Wafadhili wakubwa nao wanakuja siku hizi, wakitaka bango kubwa na orodha ya mahudhurio yenye sahihi. Mnadani utamsainisha nani?

Tukirudi mara ya pili, hatuanzi igizo upya. Tunauliza nani alijaribu chupa nyumbani, na wanaopanda garini kueleza ni wao. Msimu ujao tunatunga la karanga, kwa sababu akina mama wa vikoba wametuambia kwamba mahindi tumeyasema vya kutosha, ilhali zinazowaingizia fedha wao ni karanga, na hizo hakuna anayewashauri namna ya kuzianika.