Kabla hujagusa skrubu ya sailensa

Pikipiki ya zamani ikianza kutetemeka na kuzima kila unapoachia resi, kitu cha kwanza kinachoifikia ni bisibisi kwenye kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Pita zile barabara za namba pale Ngamiani, jijini Tanga, utaliona hilo: mtu anashuka, anaeleza shida yake, sailensa, yaani mwendo wa injini ukiwa umeachia resi, inapandishwa, anaondoka. Wiki haijaisha shida imerudi, na safari hii pikipiki inakula mafuta vilevile.

Skrubu za kabureta ziguswe mwisho. Kazi yake ni kuipatanisha injini iliyo nzima. Haziwezi kuziba hewa inayovuja, haziachii valvu iliyobana, na hazifufui plagi iliyochoka. Ukizigusa mwanzo, unaficha ugonjwa, kisha unapoteza alama iliyokuwa sahihi.

Vipimo ninavyovitaja ni vya Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976, na vya pikipiki nyingi za Kichina zilizoiga injini yake ya pushirodi (vijiti vinavyosukuma roka za valvu), zikiwemo SanLG nyingi za cc 125. Kama yako ni Boxer, TVS au Yamaha, utaratibu ni huuhuu lakini namba ni za kitabu chake. Usihamishe namba ya injini moja ukaipeleka kwenye nyingine.

Injini ikiwa kwenye sailensa, slaidi ya kabureta, kizibo kinachopanda ukivuta resi, inakuwa karibu imefunga kabisa. Jeti kubwa (jeti ni kipande cha shaba chenye tundu la kupitisha petroli) na sindano hazifanyi kazi yoyote. Petroli yote inapita kwenye jeti ndogo, na jeti ndogo ya namba 38 ina tundu la takriban milimita 0.38. Hewa inayoingia nayo ni kidogo sana. Kwa hiyo ufa ambao ukiwa unakwenda kilomita 60 kwa saa huwezi hata kuujua, kwenye sailensa unaharibu mchanganyiko wote wa petroli na hewa. Valvu nayo ni hivyohivyo: resi ikiwa juu, kompresheni haipati muda wa kuvuja, injini ikienda taratibu inaupata. Ndiyo maana mtu anakuambia "ikikimbia haina tatizo", na anasema kweli.

Kabla hujafungua chochote, sikiliza. Ukiachia resi na mlio ukachelewa kushuka, ukaning'inia juu kisha ukateremka polepole, mchanganyiko una hewa nyingi, au waya wa resi unakwama. Ukiachia na mlio ukazama chini mno, karibu kuzima, halafu ukajinyanyua, mafuta yamezidi. Inayotaka choki hata ikiwa imeshapata moto, na ukiirudisha choki inazima, jeti yake ndogo imeziba. Inayopiga pu-pu kwenye eksozi unaposhuka mteremko inavuta hewa ya wizi mahali, au gasketi ya eksozi pale kichwani imekwisha. Na kuna kipimo ambacho wengi hawakifanyi: injini ikinguruma, geuza usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia. Mlio ukipanda, waya wa resi umepitishwa vibaya au umekazwa mno, wala kabureta haihusiki. Mkono wa resi unatakiwa uwe na mchezo wa milimita 2 hadi 6 kabla haujaanza kuvuta.

Sasa hewa. Hapa ndipo pikipiki nyingi za zamani zinapougulia, na ndipo mafundi wengi wanapopapita haraka.

Kati ya kabureta na kichwa cha injini kuna manifoldi, bomba fupi la kupitisha mchanganyiko, na kati yake na kabureta kuna kipande kigumu cheusi cha kuzuia joto, chenye oringi, pete ya mpira ya kuziba. Oringi ikishakuwa ngumu na bapa, haizibi tena. Chukua chupa ya kupulizia yenye maji safi, washa injini, puliza kidogo kuzunguka maungio hayo, upande mmoja baada ya mwingine. Mlio ukibadilika hata kidogo, hapo panavuta. Nawasihi sana, msitumie petroli kwa kipimo hiki. Injini ni ya moto, kofia ya plagi huenda inavujisha cheche, na moto wa petroli hauna subira.

Ukishajua panavuja, usikimbilie kukaza boliti. Kukaza kupita kiasi ndiko kulikoleta ugonjwa. Mdomo wa kabureta ni wa aloi laini. Boliti mbili zikivutwa kwa nguvu, masikio yanakuja mbele na katikati panabaki pengo, na kila ukizidi kukaza pengo linazidi. Vua kabureta, weka rula ya chuma juu ya mdomo wake, tazama mwanga kwa chini. Ukiona mwanga, tandika msasa namba 400 juu ya kioo, tia mafuta kidogo, sugua mdomo kwa kuchora umbo la namba nane bila kukandamiza mpaka alama za msasa zienee uso mzima. Osha kabisa. Weka oringi mpya, kisha kaza kwa zamu, huku kidogo, kule kidogo, kwa spana fupi na mkono wa kawaida. Boliti hizo za milimita 6 zinatosheka na takriban Nm 10.

Na tafadhali, silikoni isiwekwe hapo. Petroli inailainisha, inamenyuka vipande, na vipande hivyo vinakwenda kukaa kwenye valvu au vinarudi ndani ya kabureta. Nimeona silikoni imerundikwa hapo kama ugali, na bado hewa inapita.

Eakilina, yaani kichujio cha hewa, nayo isisahaulike. Vumbi la njia ya Pangani na la machimbo ya mawe upande wa Pongwe linajaza sponji upesi. Ioshe kwa mafuta ya taa, halafu kwa maji ya sabuni, ikauke kabisa kivulini, itie oili ya injini kidogo, uikamue mpaka isidondoke. Kuna wanaoitoa kabisa ili pikipiki "ipumue". Inapumua kweli, inapumua na mchanga. Na mchanganyiko wa sailensa hautatulia tena maana jeti zilichaguliwa kwa injini yenye eakilina.

Baada ya hewa, valvu. Injini lazima iwe ya baridi, bora iliyolala usiku kucha. Toa plagi ili injini izunguke kwa urahisi, fungua kifuniko cha magneti upande wa kushoto na kifuniko cha tapeti juu. Zungusha magneti kinyume cha mwendo wa saa mpaka alama ya T ilingane na alama ya kwenye bodi. Sasa shika roka zote mbili, ile mikono inayosukuma valvu: zinatakiwa zicheze kidogo. Kama moja imebana, uko kwenye mzunguko usio wake. Zungusha duru moja kamili, rudi kwenye T. Nafasi kati ya skrubu ya tapeti na valvu ni milimita 0.08, ya kuingiza na ya kutoa sawa. Fila (bapa jembamba la kupimia nafasi) ya 0.08 ipite na ukinzani mdogo, ya 0.10 igome. Nati ya kufungia mara nyingi ni ya spana 9, na ukiikaza, skrubu ya tapeti hupenda kufuata. Kwa hiyo pima tena baada ya kukaza. Ukiacha hatua hii, ulichopima mwanzo hakina maana.

Tapeti zinazolia huwatia watu wasiwasi, wakati za kuogopwa ni zile zilizonyamaza kabisa. Valvu na kiti chake vikilika, valvu inapanda juu, na nafasi inapungua yenyewe bila kelele. Ikiisha, valvu haifungi sawasawa, kompresheni inavuja, sailensa inakuwa ya kubahatisha, na valvu ya eksozi inaungua ukingo. Pikipiki ya bodaboda inayofanya kazi kutwa ipimwe valvu kila unapofikia kubadilisha oili mara ya tatu au ya nne.

Umeme nautaja kwa kifupi kwa sababu hauna mengi, ila pwani una adui wake. Plagi ni D8EA ya NGK au inayolingana nayo, mwanya milimita 0.6 hadi 0.7. Rangi ya udongo wa hudhurungi ni nzuri. Nyeusi kavu ya masizi ni mafuta mengi. Nyeupe ni hewa nyingi. Nyeusi iliyoloa ni oili inayopanda. Halafu vua kofia ya plagi kwenye waya wake, inajizungusha kutoka. Hewa ya chumvi inaingia hapo na shaba inageuka kijani. Kata milimita 5 za waya huo mbovu, zungusha kofia irudi kwenye shaba mpya. Fanya usafi huo kwenye maungio ya CDI (kisanduku cha kuongoza cheche), koili na waya wa bodi pia, hasa kwa pikipiki zinazolala Sahare au Raskazone karibu na maji. Kama ni CG ya kizamani yenye platini (swichi ya kukata umeme wa cheche badala ya CDI), mwanya wake ni milimita 0.3 hadi 0.4.

Hapo ndipo kabureta inafunguliwa. Anza chini: legeza skrubu ya kumwagia iliyo kwenye bakuli, mafuta yatoke kwenye chombo cha kioo safi, subiri dakika chache. Maji ni mazito kuliko petroli, yatajikusanya chini kwa matone. Wakati wa masika, na kwa anayenunua petroli ya chupa kando ya njia, maji hayo ni kawaida. Yakikaa, yanaila aloi na kuacha unga mweupe, na unga huo hauendi kokote isipokuwa kwenye jeti ndogo.

Itoe jeti ndogo kwa bisibisi inayoijaza mfereji wake sawasawa, maana shaba yake inachanika upesi. Ielekeze juani. Lazima uone duara kamili la mwanga. Ukiona nusu duara, bado ni chafu. Usitie sindano wala waya wa breki. Ukilipanua tundu hilo kwa unywele tu, jeti imekufa. Tumia uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya laini wa umeme, wenye unene wa takriban milimita 0.2, kisha upepo wa kompresa. Puliza pia njia zake ndani ya bodi ya kabureta, kwa kuwa jeti safi kwenye njia iliyoziba haisaidii. Kabla ya kurudisha, tikisa slaidi ndani ya tundu lake. Ikicheza pembeni kwa kugonga, kabureta imelika na hewa inapita ubavuni. Hiyo haitengenezeki, tafuta nyingine.

Sasa skrubu. Ipo ya slaidi, yenye springi kubwa, inayopandisha na kushusha sailensa. Ipo ndogo ya mchanganyiko. Tazama hii ndogo imekaa wapi. Ikiwa upande wa eakilina, inapima hewa: ukiilegeza, hewa inaongezeka. Ikiwa upande wa injini, inapima mafuta: ukiilegeza, mafuta yanaongezeka. Asiyeijua tofauti hii atazungusha kinyume siku nzima.

Izungushe ndani taratibu huku ukihesabu mizunguko, mpaka iguse tu. Ukiibana, ncha yake inapasua kiti. Andika namba uliyoikuta. Kisha itoe mzunguko mmoja na nusu. Endesha pikipiki dakika kumi ipate moto wa kweli, isimamishe pasipo upepo mkali, pandisha sailensa kidogo. Legeza skrubu ndogo robo mzunguko, subiri sekunde kama kumi injini iitikie, robo nyingine, mpaka mlio ufike juu kabisa na kuanza kushuka. Rudi kule ulikokuwa juu. Teremsha sailensa kwa skrubu kubwa, rudia tena ile ndogo. Mwisho iache kwenye mizunguko 1,400 kwa dakika. Kwa pikipiki isiyo na mita ya resi, ishushe mpaka iwe na mlio mmoja mmoja unaolingana, bila kuruka pigo hata moja.

Mahali skrubu ilipotulia panakupa habari. Kwa skrubu ya mafuta, ikitaka zaidi ya mizunguko mitatu, jeti ndogo bado imeziba au ni ndogo mno. Ikitaka chini ya robo tatu, jeti ni kubwa mno au floti, lile boya la kwenye bakuli, inaachia mafuta mengi kupita kiasi. Kwa skrubu ya hewa, soma kinyume chake.

Wanaopeleka mizigo au abiria Lushoto wajue jambo moja zaidi. Tanga ni usawa wa bahari, Lushoto ni takriban mita 1,400 juu, na huko hewa imepungua uzito kwa karibu asilimia 13. Kabureta haijui hilo, inaendelea kumwaga mafuta yaleyale. Pikipiki iliyotulia vizuri Chumbageni itakuwa nzito na ya kusuasua ukipita Soni. Kama unalala huko siku kadhaa, punguza mafuta kwa robo hadi nusu mzunguko: skrubu ya hewa ilegezwe, ya mafuta ikazwe. Ukishuka Mombo, irudishe ile robo au nusu uliyoizungusha, maana ukiiacha hivyo huku chini injini itachemka na sailensa itaanza kuning'inia.