Kayaki ya kukaa juu au ya kuingia ndani? Kwa Kilifi nimeshachagua

Binamu yangu anataka kayaki, yaani mtumbwi mdogo wa kupiga kasia, ya kuvulia hapa Kilifi, na amekwama kati ya aina mbili: ile unayokaa juu yake, na ile ya asili unayoingiza miguu ndani. Namwambia achukue ya kukaa juu.

Sababu kubwa ni kupinduka. Ya kukaa juu ina vitundu vilivyopenya hadi chini, maji yakiingia yanatoka yenyewe. Ukianguka unaigeuza, unajivuta ukiwa kifudifudi, unazunguka na kuketi. Ile ya ndani ikijaa, lazima uikumbe maji huku unaelea na upepo wa kusi unakusukuma. Uko peke yako, hujafunzwa: hiyo ni hatari kweli.

Wainuit, wenyeji wa Aktiki kule kaskazini kwenye barafu, waliunda ya ndani kwa ngozi za sili, mnyama wa baharini, kwa sababu bahari yao inaua kwa baridi. Pale ilikuwa uhai. Bahari yetu ni vuguvugu, jua ndilo la kuogopwa. Vaa kofia na shati la mikono mirefu.

Kwa safari ndefu naiheshimu ya ndani. Ni nyembamba, inakata maji kwa kasi, na kasia halikuchoshi upesi. Ya kukaa juu ni pana na nzito. Maji yakiwa yamekupwa, kuibeba ni kazi ya watu wawili.

Lakini yeye anavua, anashuka na kupanda kila mara. Na achague yoyote ile, jaketi la kujiokolea alivae mwilini, asilifunge nyuma ya kiti.