Tulivyopiga ugomvi wa muvi ya kisasi Bagamoyo kwa ngoma

Wengi mnaniuliza ile muvi yetu fupi ya kisasi, ule ugomvi tuliupigaje mpaka ukaonekana wa kweli wakati wote mnajua hatuna hela ya kuleta fundi wa mapigano, na mimi mwenyewe ndo dairekta na ndo huyo huyo anayepigana. Naandika mara moja hapa nisirudie rudie inbox.

Mi ni mwigizaji. Kwenye bongo muvi nimecheza sana zile nafasi za jambazi wa pili, yule anakula kofi muvi ikianza tu halafu humuoni tena, sasa ukikaa miaka unapigwa na watu wasiojua kupiga unaanza kuwa na maoni yako. Kofi linapita kule, sauti inakuja baadae, mtu anaanguka taratibu huku anatafuta sehemu isiyo na vumbi. Nikawa najisemea siku nikishika mimi usukani hii kitu haitokei.

Kilichonisukuma ni Monkey Man ya Dev Patel, yule kijana wa Slumdog Millionaire ya 2008. Ile ndo muvi yake ya kwanza kuongoza na humo humo ndo staa, na stori ni kisasi kitupu, mtoto kakua anamtafuta polisi mkubwa aliyemuua mama yake. Ila mi kilichonishika zaidi ni shida walizopitia, yani korona imewakuta wakahamia kupiga Batam huko Indonesia, jamaa kavunjika mkono kwenye ugomvi kaendelea, vifaa vikafa ikabidi vipande vingine vipigwe kwa simu na GoPro, zile kamera ndogo za mkononi, meza zikivunjwa wanazigandisha na gundi ili zivunjwe tena. Netflix walishainunua, mwisho akaja dairekta Jordan Peele akaiona ikahamia Universal, Machi 2024 ikaonyeshwa kwenye tamasha la SXSW kule Austin, Marekani, na Aprili ikaingia sinema. Bajeti inatajwa kama dola milioni 10. Kwa Hollywood hiyo ni hela ya chai, na kati yangu na yeye nikaona kumbe tunapishana sifuri tu.

Sasa tuwe wakweli, nusu ya kwanza kamera inatikisika mpaka macho yanauma, unasikia watu wanapigwa ila nani kampiga nani hujui. Lakini katikati kuna sehemu jamaa kashapigwa karibu ya kufa, amefichwa kwenye hekalu na jamii ya hijra, yani watu wa jinsia ya tatu wa kule India, anafanya mazoezi ya kupiga gunia huku kuna mtu anampigia tabla, zile ngoma mbili ndogo za Kihindi, na huyo mpigaji ni Zakir Hussain mwenyewe, gwiji wa tabla duniani aliyefariki Desemba 2024. Tabla inasema, gunia linajibu. Pale nilisimamisha muvi nikarudisha nyuma nikaangalia tena, mana mi naishi wapi? Bagamoyo! Chuo cha sanaa kipo hapa tangu 1981, siku hizi tunakiita TaSUBa, jioni ukipita kuelekea baharini unasikia watu wako kwenye mazoezi. Wapiganaji sina lakini wacheza ngoma ninao kibao, na mtu aliyecheza sindimba tangu mdogo kiuno chake na miguu yake vinamsikiliza kuliko hao wanaojiita makomando.

Kwaiyo nikatafuta mpiga ngoma mmoja mtu mzima, sote tunamuita Mzee, nikamwambia Mzee nataka watu wapigane wewe ukiwapigia. Akaniangalia akasema mwanangu, ngoma ya kugombana mi sijawahi kufundishwa, ila nionyeshe hizo ngumi zenu. Tukampigia ngumi pale uwanjani, akacheka sana, akasema nyie mnapigana kila mtu na saa yake. Hapo ndo alipomaliza maneno yote. Mapigo tukayagawa hivi, dundo zito ni la anayerusha, ti, ile sauti ya pembeni ya ngoma, ni ya anayepokea. Anayepokea asiangalie ngumi kabisa, asikilize ti, ikilia ndo kichwa kinageuka. Ngumi yenyewe haimgusi mtu, inapita mbele ya uso wake nafasi ya kutosha na kamera inakaa nyuma ya bega la anayerusha, ukikaa pembeni pengo lote linaonekana na utamu umeisha. Tulianza taratibu kama mdundiko wa kutembea barabarani, mwili ukishazoea Mzee anapandisha, anapandisha, mpaka watu wanagombana kwa spidi ambayo wenyewe hawaamini, na hakuna aliyeumia zaidi ya michubuko.

Halafu kuna hili la kuwa mbele na nyuma ya kamera, ambalo waigizaji wenzangu mnalitaka zaidi. Ukiwa unapigana huwezi kujijua. Kijana wa kamera anaangalia fokasi yake, hajui kama mguu wangu ulichelewa, na nikisema tuangalie kila teki kwenye skrini jua linazama hatujamaliza kitu. Nikagundua Mzee anajua. Yeye mtu akikosa hatua mkono wake unasita wenyewe, hawezi kuendelea kupigia kitu kilichovunjika. Basi ikawa ndo sheria, ngoma ikikatika katikati teki imekufa tunarudia, ngoma ikifika mwisho teki ni nzima. Kuna teki mi naona nimeua kabisa, nageuka najisifia, namkuta kaweka mikono mapajani anasema hapana baba, mguu wa kushoto umelala. Ukiangalia kwenye laptop kweli umelala.

Vibali sitaki kuviongelea sana, skripti inapelekwa Bodi ya Filamu, na mtaani mkatoe taarifa serikali ya mtaa na kituo cha polisi kabla hamjaanza kukimbizana na mapanga, hata kama ni ya mbao yamepakwa rangi ya fedha. Wananchi wenye hasira hawaulizi kamera iko wapi.

Kilichotaka kutusumbua ni bahari. Ugomvi wa mwisho uko ufukweni, una vipande vingi, hauishi siku moja, na maji kila siku yanachelewa kama dakika 50 hivi, yani leo saa kumi jioni yamejaa, kesho saa hiyo hiyo bado yanakuja. Ukiunga vipande mtu anarushwa ngumi maji yakiwa miguuni, anaanguka bahari iko kule mbali. Wavuvi ndo walinipa akili, wakaniambia usije bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mchanga maji yanajaa sana na kutoka sana, subiri maji mafu pale mwezi ukiwa nusu, tofauti ya kujaa na kupwa inakuwa ndogo. Tukapanga ufukweni kote kwenye maji mafu na nyuma yetu bahari ikakaa pale pale karibu muda wote. Ukitaka kupiga muvi pwani muulize mvuvi kabla ya kumuuliza mtu wa kamera, mi nasema.

Sauti ya pale pale ilikuwa haina kazi, ngoma imefunika kila kitu, kwaiyo kwenye ugomvi hakuna mtu anaongea na sauti zote tuliweka baadae. Mfupa kuvunjika ni muwa. Ngumi ya mwili ni pweza, nilienda soko la samaki nikawaomba wale wanaowapiga pweza kwenye sakafu ili walainike nirekodi tu, ile pa! yenye unyevu hakuna kitu kwenye intaneti kinaifikia. Damu ni choya iliyochemshwa na sukari mpaka ikawa nzito plus tone la rangi ya chakula, tatizo lake nzi.

Nilivyokuja kwenye kuedit ndo nikashangaa, mana vipande vyote viko kwenye pigo moja, unakata popote kwenye dundo na kipande kinachofuata kinaingia wenyewe. Sikuhitaji kutikisa kamera kuficha kitu. Ngoma yenyewe niliitoa yote nikaiacha sehemu moja tu, pale mwisho ninapomshika tajiri ninayemtafuta kwa kisasi, na hapo sisemi zaidi wengine hamjaiona.

Kwenye majina ya mwisho nimemwandika Mzee kama mpiga ngoma na dairekta msaidizi. Sasa anasema kama ni hivyo basi ile hela niliyompa ilikuwa ya ngoma tu, ya udairekta bado anadai, na nimemuuliza wife naye anasema Mzee yuko sahihi.